Nani Amebeba? Tafakari juu ya historia ya mzigo katika nchi yetu



Katika chumba tunachofundishia katekisimu kuna picha iliyokatwa kutoka kalenda ya zamani. Imechorwa kwa rangi za maji, na inaonyesha mashamba ya Ulaya. Gari la farasi limejaa nyasi kavu. Magurudumu yake mawili ni makubwa, yanamfikia mtu kifuani. Farasi mmoja analivuta, naye mkulima anatembea kando yake, mikono mitupu, kofia kisogoni. Nyuma yao shamba limekwisha kuvunwa, na mbingu ni ya kijivu, kama inayotaka kunyesha.

Picha hiyo nimeitazama miaka mingi bila kuiuliza neno. Siku moja niliwaonyesha watoto wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza, ili waone jinsi Mungu alivyowaweka mwanadamu na mnyama kufanya kazi pamoja. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza: «Mwalimu, mavuno yale nani ameyabeba?» Nikamjibu: «Farasi.» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi mama wa nyumba ile anafanya nini?»

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Mtoto yule hakuwahi kuona mavuno yakifika nyumbani isipokuwa juu ya kichwa cha mama yake. Kwake, mzigo bila mama ni jambo lisiloeleweka. Tafakari hii ni jibu langu kwake, limechelewa lakini limekuja. Na ili kumjibu yanipasa kwanza kueleza kwa nini gari la namna ile halikufika kwetu.

Inzi aliyelizuia gurudumu

Vipo vitabu vya wakati wa ukoloni vilivyoandika kana kwamba watu wa nchi hizi hawakutumia gurudumu kwa sababu ya uvivu au ujinga. Sababu ya kweli ni ndogo kuliko ukucha wa kidole: mbung'o. Inzi huyu anaishi katika misitu ya miyombo na kandokando ya mito, tangu Tanganyika mpaka Lualaba na mbali zaidi. Humwambukiza mtu malale. Na ng'ombe, farasi na punda huwaletea ugonjwa unaoitwa nagana, unaowakondesha mpaka wakafa. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyethibitisha huko Zululand mwaka 1895 kwamba mbung'o ndiye anayeueneza ugonjwa huo. Lakini wafugaji wa Afrika walikwisha kujua zamani sana kwamba ziko nchi ambazo mifugo haipitishwi. Kwetu ni juu tu, kwenye nyanda za baridi kama zile za Marungu, ambako ng'ombe anaweza kukaa kwa amani.

Wageni hawakulisadiki jambo hilo mpaka walipolijaribu wenyewe. Mwaka 1876, Roger Price wa shirika la wamisionari Waprotestanti wa London aliondoka Saadani, pwani ya Tanganyika ya leo, akiwa na ng'ombe wachache, akafika nao Mpwapwa wakiwa wazima. Furaha ikawa kubwa: magari ya kukokotwa na ng'ombe yangefika mpaka ziwani! Mwaka uliofuata wakaleta magari na ng'ombe wengi. Ng'ombe wakafa njiani, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi.

Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji naye akawa na wazo lake. Mwaka 1879 akagharamia tembo wanne kutoka India, waliofugwa na kufundishwa kazi, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam. Alitumaini kwamba mnyama mkubwa namna ile angeishinda nchi. Ni mmoja tu aliyefika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, mwishoni mwa mwaka huohuo, naye hakuishi sana. Baadaye, huko kaskazini mwa Kongo, Wabelgiji walianza kuwafuga tembo wa Afrika wenyewe, kwanza Api, kisha Gangala-na-Bodio, na tembo hao wakavuta kweli magari na majembe. Lakini ilikuwa kazi ya kituo kimoja chenye gharama kubwa. Haikufika kwa mkulima wa Luvua.

Hivyo ng'ombe alishindwa, punda alishindwa, na tembo pia. Akabaki kiumbe mmoja ambaye, hata mbung'o akimwuma na homa ikimshika, aliamriwa kuendelea. Akabaki mtu.

Barabara iliyopita juu ya vichwa

Katika karne ya 19 njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa na kuendelea mpaka Nyangwe na Kasongo. Katika njia hiyo walitembea wapagazi wa namna mbili. Wa kwanza walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliokubaliana ujira na kujivunia kazi yao. Mpagazi wa namna hiyo alibeba yapata farasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wa pili walikuwa watumwa. Kwao mzigo na mbebaji vilikuwa bidhaa moja: pembe ya tembo begani, kongwa shingoni, na mwisho wa safari vyote viwili kuuzwa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, alihubiri juu ya uovu huo mwaka 1888 katika miji ya Paris, London na Brussels, naye alitumia habari alizopelekewa na wanawe waliokuwa kando ya ziwa letu.

Hapa yafaa tuseme ukweli wote, kwa sababu ukurasa huu ni wa waamini. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika uliondoka Bagamoyo mwaka 1878 na kufika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Mwaka 1885 wakakabidhiwa vituo vya Karema na Mpala, na kutoka Mpala Injili ikaenea katika nchi yetu. Vyombo vya Misa, divai, vitabu, dawa, misumari: vyote vilifika vikiwa vimebebwa na watu. Majina ya mapadri wa msafara ule tunayajua, na ni haki kuyakumbuka, kwa maana mmoja wao alikufa njiani. Lakini waliobeba kalisi mpaka ziwani ni nani? Hatuna hata jina moja la kulitaja katika sala. Injili ilikuja kwetu juu ya kichwa cha mtu tusiyemjua.

Historia ya picha nayo inashuhudia jambo lilelile. Kati ya mwaka 1898 na 1900, mchoraji Mbelgiji Léon Dardenne alifuatana na msafara wa kisayansi wa Charles Lemaire katika Katanga. Alichora kwa rangi za maji mamia ya picha: mandhari, watu, mimea, samaki, wadudu. Picha hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Katika nchi aliyoipita hapakuwa na gari la farasi la kuchora. Mahema, masanduku, vyombo vya kupimia, na hata karatasi na rangi zake, vilitembea juu ya vichwa vya watu kama vilivyotembea katika misafara mingine yote ya wakati ule. Mchoraji alipoketi kivulini na kuchovya brashi katika maji, palikuwa na mtu aliyekwisha kulitua sanduku la rangi mbele yake, akaenda kupumzisha shingo.

Moshi wa mashine

Kisha ikaja chuma. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, mahali tunapopaita leo Kalemie: kilomita 273 ambazo zamani zilihesabiwa kwa siku za miguu. Mashua za mvuke zikapita Lualaba. Mto wetu Luvua, unaotoka ziwa Mweru karibu na Pweto na kuungana na Lualaba huko Ankoro, ukapandwa na vyombo visivyozama sana majini mpaka hapa Kiambi. Juu ya hapa maporomoko yanafunga njia. Ndiyo maana Kiambi ikawa bandari. Mzigo ulifika hapa kwa maji, na hapa maji yalipokoma, vichwa vilianza tena.

Kisa kimoja cha mwaka huohuo 1915 hunijia mara nyingi. Dunia ilikuwa vitani, na Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani ziwa Tanganyika. Wakaleta mashua mbili ndogo za vita, zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilisafirishwa kwa reli kutoka Cape Town mpaka Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa kuvuka milima ya Mitumba mpaka Sankisia kwa matrekta ya mvuke na makundi ya ng'ombe. Hatimaye, nguvu za mashine na za mnyama zilionekana Katanga! Lakini trekta la mvuke hunywa maji mengi, na wakati ulikuwa wa kiangazi. Maji yalipokwisha, waliitwa wanawake wa vijiji vya njiani. Wakayaleta kwa mitungi, kichwani, wakayamimina katika tumbo la mashine ili ipate kwenda mbele. Vitabu vya vita husifu ushujaa wa mabaharia wale, nami sikatai. Lakini mwanahistoria wa kijijini hawezi kuisahau mitungi ile.

Mwaka uliofuata jeshi la Kongo likaelekea Tabora, likauteka mji huo Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi. Wanahistoria hutaja hesabu ya watu wapatao 260,000 walioandikishwa upande wa Kongo peke yake katika vita ile. Upande wa Waingereza pia walichukuliwa watu wengi mno, hata jina la kikosi chao cha wabeba mizigo limebaki katika mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam. Wengi walikufa kwa njaa, kuhara na homa ya mapafu kuliko kwa risasi.

Ninaposoma habari hizo, humkumbuka Simoni wa Kirene. Tunamtaja kila Ijumaa ya Kwaresima katika Njia ya Msalaba, kituo cha tano, na mara nyingi tunapita haraka. Kirene ni mji wa Afrika, katika nchi ya Libya ya leo. Mwinjili Marko anatuambia kwamba mtu huyo alikuwa akitoka shambani, naye akalazimishwa. Hakuwa mfuasi, wala hakujitolea. Alikuwa mkulima Mwafrika aliyekamatwa njiani na askari wa dola ili abebe mzigo wa mwingine. Babu zetu, wakitoka mashambani mwao, walikamatwa vivyo hivyo. Tofauti ni moja: Marko aliliandika jina la Simoni, hata majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Eklezia ya kwanza iliona kwamba haifai jina la mbebaji lipotee.

Mwaka 1930 mataifa yaliyokutana Geneva yaliandika mkataba juu ya kazi ya kulazimishwa, na kifungu kimoja kilidai kwamba upagazi wa lazima ukomeshwe upesi iwezekanavyo. Ubelgiji uliuthibitisha mwaka 1944. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 nguvu za Luvua ziligeuzwa umeme huko Piana-Mwanga, ukaenda kuchimba bati ya Manono. Maji ya mto wetu yakawa mwanga na moto wa mashine mbali na sisi. Vijijini, maji ya kunywa yakaendelea kuchotwa mtoni na kupandishwa kwa ndoo.

Upagazi uliobaki bila jina

Twaweza basi kusema kwamba upagazi umekwisha? Msafara umekwisha, naam. Mzungu wa kubebwa katika kiti cha machela amekwisha. Lakini tazama barabara ya kuingia Kiambi saa kumi na moja za jioni.

Wanaume wengi wako na kinga, kama tunavyoiita baiskeli. Kinga ndiyo gari letu la farasi. Bati ilipoanguka na mashua za Luvua zikawa adimu, na hasa vita ya 1998 ilipoifanya nchi ya Manono kuwa mstari wa mapigano na malori yakakoma, kinga ilipita mahali pasipopita kitu. Kijana huitia fimbo ndefu kwenye usukani, huifunga magunia, naye haipandi bali huisukuma, siku nyingi, kwa mchanga na kwa matope. Huko Goma wamekwenda mbali zaidi: chukudu, baiskeli yao ya mbao, imesimamishiwa sanamu mjini. Ni vema. Ni sanamu ya kazi, si ya mfalme.

Lakini kinga, katika nyumba zetu nyingi, ni mali ya mume, nayo hubeba kile kinachouzwa. Kile kinacholiwa hubebwa na mke. Muhogo wa kuloweka, kuni, maji, beseni la mahindi, na mtoto mgongoni: mizigo hiyo haina soko, na kwa hiyo haina gurudumu. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi sana, na hivyo ndivyo mzigo wa mwingine unavyoonekana kwa yule anayeutazama tu. Nadhani hakuna methali inayotuhukumu sisi wanaume kuliko hiyo.

Sisemi haya kutoka mahali pa juu. Miaka mingi nilitoka shambani pamoja na mke wangu kwa namna ifuatayo: mimi mbele, jembe begani na kitabu cha nyimbo mfukoni, yeye nyuma, beseni kichwani, kuni juu ya beseni, mtoto mgongoni. Jumamosi moja jioni tulikutana njiani na mzee mmoja wa parokia, akaniuliza nitafundisha nini kesho yake. Nikamwambia: somo ambamo Yezu anawakemea wale wanaofunga mizigo mizito na kuiweka mabegani mwa watu, wala hawataki kuigusa hata kwa kidole. Mzee hakusema neno. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi, akaendelea na njia yake. Macho yale ndiyo mahubiri makali kuliko yote niliyowahi kupokea.

Nairudia sasa picha ya kalenda. Huko Ulaya, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, trekta lilimwondoa farasi mashambani katika muda usiozidi maisha ya mtu mmoja. Ndiyo maana watu wa huko hulichora gari lile kwa upendo na kulitundika ukutani: ni ukumbusho wa maisha ya babu zao, na kila kitu kikiisha kupita huwa kizuri. Siwalaumu. Lakini sisi tusidanganyike na uzuri wa namna hiyo. Watu wengine huwapiga picha mama zetu wakiwa na mabeseni wakati jua linapotua, na kusema: maisha ya kijijini yanapendeza! Jambo linalomwuma mtu shingo leo haliwezi kuwa ukumbusho mtamu. Kwanza liishe, ndipo lichorwe.

Kuliko kutamani farasi asiyeweza kuishi hapa, tuyatazame yaliyo mikononi mwetu. Seremala wa Kiambi anaweza kutengeneza mkokoteni wa kusukuma kwa mbao na magurudumu mawili ya kinga. Katika sanduku la umoja wetu zipo fedha zilizowekwa kwa vikwembe vya sikukuu. Najua kwamba wengi wanavingojea, nami napenda kuona safu zetu zimevaa rangi moja siku ya maandamano. Hata hivyo nauliza kwa heshima: mwaka huu, je, Bwana hatafurahi zaidi tukija na nguo tulizo nazo, na huku kila jumuiya ndogo ina mkokoteni mmoja wa zamu, wa kupeleka muhogo nyumbani na mgonjwa zahanati? Na katika Misa ya mavuno, pale ambapo mama zetu hupanda altareni na vikapu vichwani huku sisi tukipiga makofi, je, haifai wanaume ndio wabebe vikapu hivyo tangu shambani?

Mtoto wangu wa katekisimu, jibu langu ndilo hili. Mama wa nyumba ile katika picha ameketi mahali fulani, anapumzika. Kwetu atapumzika siku ile tutakapoacha kuuona mzigo wake kuwa usufi. Kristu aliwaita kwake waliolemewa, akaahidi kuwapumzisha. Lakini alipochoka yeye mwenyewe, alimhitaji mkulima mmoja wa Afrika, mabega yake mawili, njia fupi ya kupanda mlima.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Katika nyumba yangu, ni mizigo ipi isiyohesabiwa kuwa kazi, na nani anaibeba?

2. Katika ukoo wetu, yuko mzee anayekumbuka jina la babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi? Tuliandike, tulitaje katika sala ya waamini tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote.

3. Umoja wetu uko tayari kuacha nini mwaka huu ili mkokoteni wa kwanza upatikane?